Mwaka wa Fedha na Mwaka wa Korosho

Ukisema wewe ni mchumi wa halmashauri, watu hudhani unashinda ukichambua mfumuko wa bei. Sehemu kubwa ya mwaka unakimbizana na mpango na bajeti: kupokea vipaumbele kutoka vijijini, kuvipunguza mpaka vienee kwenye ukomo wa bajeti, kuviingiza kwenye PlanRep, mfumo wa serikali wa kuandalia mipango na bajeti, kisha kuandika taarifa za robo mwaka zinazoeleza kwa nini vingine havikutekelezwa. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka kadhaa katika halmashauri moja ya ukanda wa korosho, kusini mwa Tanzania. Chuoni nilisoma mengi kuhusu ukuaji wa uchumi wa maeneo, vivutio vya uwekezaji na minyororo ya thamani. Nilipofika kazini, swali lililoniandama kuliko yote hayo lilikuwa dogo tu: pesa ipo wilayani mwezi gani, na mwezi gani haipo.

Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Mwaka wa korosho hauna habari na tarehe hiyo. Julai mikorosho inatoa maua, na mkulima yuko shambani na pampu mgongoni anapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua. Korosho zinaanza kudondoka Septemba, minada inafunguliwa Oktoba, na ikifika Januari mwishoni maghala mengi yameshafagiliwa. Kuna ufuta na kuna mbaazi, vinasaidia, lakini mkulima wa kwetu akisema "msimu" bila kuongeza neno, anamaanisha korosho.

Sasa chukua hesabu ya mapato ya ndani. Ushuru wa mazao ya biashara ulikuwa asilimia 5, ukashushwa hadi asilimia 3 mwaka 2017, na analipa mnunuzi. Kwa hiyo makisio yetu ni kilo mara bei mara asilimia 3. Hesabu ya darasa la sita. Tabu ni kwamba mwongozo wa bajeti unatufikia minada ikiwa imepamba moto, na msimu tunaotakiwa kuukisia ni wa mwaka unaofuata, ambao maua yake hayajatoka. Kilo zitategemea mvua, na kama salfa itafika mapema. Bei itategemea wanunuzi ambao korosho zao, zikiwa bado na maganda, zinakwenda kubanguliwa Vietnam na India. Katika vitu vyote vinavyoingia kwenye fomula ile, halmashauri inakiamua kimoja tu, nacho ni jinsi ya kukusanya.

Kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ndipo mchumi anapojulikana ni wa namna gani. Nakumbuka kimoja, mradi wa zahanati ukiwa mezani.

"Mchumi, mwaka huu tumeuza bei gani?" diwani mmoja aliuliza, akiijua bei vizuri kuliko mimi.

Nikamtajia.

"Na kwenye makisio umeweka ngapi?"

Nikamtajia tena, pungufu, nikaeleza kwamba nimechukua wastani wa misimu kadhaa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema bila kunitazama, "huyu mtaalamu ananinyima zahanati."

Na kwa mantiki ya bajeti hakuwa mbali na ukweli. Matumizi kwenye karatasi hayawezi kuzidi makisio ya mapato, na sehemu kubwa ya mapato ya ndani, isiyopungua asilimia 40, lazima iende kwenye miradi ya maendeleo. Kila shilingi unayoipandisha kwenye makisio inageuka bati la darasa la kata fulani, angalau kwenye makabrasha. Diwani ana haki ya kuvuta juu. Mkurugenzi anavuta chini, kwa sababu halmashauri zinapangwa kitaifa kwa asilimia ya makusanyo dhidi ya makisio, na hakuna anayetaka kusomwa mkiani. Wote wawili wanakuja ofisini kwako kwa wakati wao, wakifunga mlango.

Niliacha kupeleka bei moja. Nilianza kupeleka jedwali lenye bei tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na pembeni ya kila bei orodha ya miradi inayowezekana kwa bei hiyo, kwa mpangilio wa upi utaachwa kwanza bei ya korosho ikianguka. Makisio rasmi bado yanabaki namba moja, mfumo haupokei tatu. Lakini mjadala ulihama. Badala ya kubishana kama mchumi ni mwoga, madiwani walianza kubishana wao kwa wao ni mradi wa nani utakuwa wa mwisho kwenye orodha. Hilo ndilo swali lao la kisiasa, na wao ndio waliochaguliwa kulijibu.

Msimu wa 2017/18 nchi ilipata zaidi ya tani 300,000, na kwenye minada mizuri bei ilizunguka shilingi 4,000 kwa kilo. Kila mtu alijiona mtaalamu wa korosho. Kusini kote zilionekana pikipiki zenye plastiki bado kwenye siti. Makisio ya mwaka uliofuata yaliandikwa kwa kalamu ya furaha hiyo. Kisha ikaja Oktoba 2018: barua za wanunuzi zenye bei wanazotaka kutoa zikafunguliwa mnadani, bei ziko chini ya 3,000, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi likaingia kusomba mizigo, na malipo yakaanza kutoka kwa uhakiki, mkulima mmoja mmoja na shamba lake.

Mkulima aliyehakikiwa mapema na kulipwa 3,300 hakuwa na neno. Mimi nilikuwa na jedwali la robo ya pili, Oktoba hadi Desemba, ile robo tunayoitegemea kuliko nyingine zote, na mstari wa ushuru wa korosho haukuwa na kitu, maana wanunuzi tuliozoea kuwatoza hawakuwepo. Kile kipindi kilinionyesha wilaya inavyoshuka ngazi moja moja. Kwanza posho za vikao. Halafu mafuta ya magari, maana yake ufuatiliaji wa miradi unakufa. Halafu maboma. Kwetu wananchi wanapandisha jengo la zahanati au darasa kwa nguvu zao mpaka lenta, halmashauri inamalizia. Kijiji kinachanga Desemba na Januari, mfuko ukiwa na kitu. Wao walikuwa wameshachanga kwa msimu uliotangulia. Niliingia kwenye boma moja ambalo nyasi zilikuwa zimefika dirishani, na kwenye chumba kilichopangwa kuwa cha kujifungulia mtu alikuwa amefunga mbuzi. Mwenyekiti wa kijiji hakulalamika. Aliniomba tu nikifika ofisini niwaambie wenzangu kwamba saruji ya wananchi iliisha kwenye ukuta huu, isije ikaandikwa ni ya halmashauri.

Ofisi ya Takwimu inachapisha pato la mkoa. La wilaya halichapishwi hivyo, na hata lingechapishwa lingekuwa la mwaka mzima, wakati mimi nataka kujua Agosti inafananaje na Desemba. Kwa hiyo nilijitengenezea vipimo vyangu. Cha kwanza ni mawakala wa pesa za simu. Desemba wakala anakosa keshi, foleni imejaa watu wanaotoa. Agosti keshi anayo, anakosa watu. Cha pili ni maduka ya bati: mwenye duka akianza kupanga mzigo hadi nje ya baraza, amesikia tetesi za mnada kabla yangu. Cha tatu ni bei ya ndoo ya maji kwenye vijiji vya juu vya Uwanda wa Makonde, ambayo mwisho wa kiangazi hupanda wakati ule ule mfuko wa mkulima umekauka. Na cha nne, ninachokiamini kuliko vyote, ni bei ya kangomba.

Kwa asiyejua: kangomba ni biashara ya kununua korosho za mkulima nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kupeleka mzigo ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri mnada, mara nyingi zikiwa bado mtini. Agosti mtoto anaumwa, au ada inadaiwa, au hakuna unga. Anakuja mtu na noti. Tuseme anatoa shilingi 1,000 kwa kilo ambayo Novemba itauzwa 2,500. Ukiigeuza hesabu hiyo kuwa riba, ni asilimia 150 kwa miezi mitatu. Benki zote za mkoa zikutangazie watakavyo, riba halisi ya wilaya yetu ndiyo hiyo. Mwaka ambao bei ya kangomba imesogelea bei ya mnada, najua kaya zimeingia Agosti zikiwa na akiba. Mwaka ambao imeshuka sana, najua njaa ilifika kabla ya korosho.

Kila msimu tunaambiwa tuwadhibiti kangomba. Vizuizi vinawekwa barabarani, watu wanakamatwa, taarifa inaandikwa. Sipingi, sheria ni sheria, na wapo wanaofanya unyonyaji wa wazi. Ila kwenye taarifa zangu nimekuwa nikiiweka kangomba kwenye ukurasa wa mikopo, siyo wa ulinzi, na mara kadhaa nimeulizwa kama nimekosea ukurasa. Ukimkamata mkopeshaji pekee anayepatikana Agosti bila kuleta mwingine, umemwondolea mkulima noti tu. Mtoto bado anaumwa.

Tulijaribu kuzungumza na vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka akiba na kukopeshana. Vingi vinavunja Desemba, yaani vinagawana akiba mwezi ambao kila mtu ana pesa. Niliona jibu liko wazi: vunjeni Agosti, pesa iingie wakati wa ukame, kangomba akose wateja. Nilikwenda na chati nzuri, nikaieleza chini ya mwembe. Akina mama wakanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha mmoja, mtu mzima, akasema:

"Mwanangu, umesema vizuri. Lakini Desemba mume wangu ana zake, haulizi zangu. Agosti nikiingia ndani na laki tatu, zile si zangu tena."

Wengine wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kukubali. Vikundi vichache vilibadilisha mwezi, hasa vyenye wajane na wanawake wanaojitegemea. Vingine vilibaki na Desemba, na tangu siku hiyo nikipanga chochote kinachohusu pesa za kaya nauliza kwanza pesa hiyo itaingia mkononi mwa nani, na nani mwingine atakuwepo nyumbani wakati huo. Kitabu cha uchumi kinasema "kaya" utadhani ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kikundi cha kina mama wabanguaji. Sheria ilibana mwaka 2018 kwamba halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi hicho kilikuwa na banda, jiko la kupitishia korosho kwenye mvuke, na mashine kadhaa za kukatia zinazoendeshwa kwa mkono na mguu. Korosho ikipasuliwa ganda linatoa mafuta meusi yanayobabua ngozi, hivyo mikono yao ilikuwa imepakwa majivu, na ukiwapa mkono wanakupa kiwiko. Mmoja anakata, wa pembeni anachokoa mbegu kwa ncha ya kisu, na ukitaka kujua nani ana mkono mwepesi angalia sinia lake: nzima nyingi, vipande vichache. Nzima na kipande vina bei tofauti kabisa sokoni. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi zinatoa kilo moja ya korosho zilizobanguliwa, kwa hiyo kila kipande kinachovunjika kinauma.

Walikuwa wanafanya kazi tangu Novemba hadi Februari, kisha banda linafungwa. Siyo kwa kukosa soko, wateja walikuwepo. Korosho ghafi ziliwaishia. Na mkopo wetu? Uliwafikia Juni.

"Mnatupa hela ya kununua korosho," mwenyekiti wao aliniambia, "wakati korosho zimeshafika India."

Hakukuwa na mtu mbaya ndani yake. Asilimia 10 inatengwa kwenye makusanyo halisi. Makusanyo yetu yanaingia Novemba hadi Januari. Hapo ndipo mfuko unaanza kujaa, vikundi vinaomba, kamati ya kata inapitia, maafisa wanakwenda kuhakiki, kamati ya wilaya inakaa, na wote wanaharakisha Juni 30 isipite ili taarifa isomeke kwamba fedha zimetolewa. Fedha zilitolewa kweli. Kikundi kimoja kilinunua kuku kwa mkopo wa kubangulia, kwa sababu kuku wapo Juni.

Dawa tuliyoipata ilikuwa kwenye marejesho. Mikopo iliyorejeshwa haisubiri ushuru wa mwaka mpya, inakaa kwenye akaunti yake. Tukapendekeza marejesho ya vikundi vya usindikaji wa korosho yasikopeshwe tena ovyo katikati ya mwaka, yashikiliwe hadi Oktoba. Ni pendekezo la sentensi mbili lililochukua muda mrefu kupita, na waliolipinga walikuwa na hoja. Taarifa ya robo ya nne ingeonyesha fedha zimelala. Mkaguzi angeuliza, na aliuliza. Vikundi vya bodaboda vilisema wao hawahusiki na mikorosho, kwa nini dirisha lifungwe. Mwishowe sababu iliandikwa ndani ya muhtasari wa Kamati ya Fedha, neno kwa neno, ili mkaguzi akija aikute imesainiwa. Nawaambia vijana wanaoanza kazi hii wajifunze kuandika muhtasari wa kikao kabla ya kujifunza programu za takwimu.

Kikwazo kingine kilikuwa mnada wenyewe. Mzigo unauzwa kwa tani nyingi kwa mkupuo, na kikundi cha kina mama kinahitaji magunia machache. Tukavikutanisha vikundi kadhaa vinunue kwa pamoja, na vibali vyote vinavyotakiwa, ili wasije wakakamatwa njiani wakiitwa kangomba. Msimu ule banda halikufungwa Februari. Walibangua mpaka mvua za masika, na kuuza miezi ambayo korosho za barabarani zimeadimika.

Banda lile lilinifundisha kuhusu viwanda vikubwa kuliko makongamano yote ya uwekezaji niliyobebea makabrasha. Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa mikopo ya nje, vingi vikasimama muongo uliofuata, na baadhi ya majengo yake yaligeuzwa maghala, ambako korosho ghafi zinalala zikisubiri meli. Wageni wakija huuliza kama tuna ardhi, umeme na msamaha wa kodi. Ardhi ipo. Lakini mwenye kiwanda cha maelfu ya tani na mama mwenye mashine ya mguu wanakwama mahali pamoja: lazima wanunue ndani ya miezi mitatu korosho za kubangua mwaka mzima, kwa mkopo wa benki zetu, kisha walipe riba huku mzigo umelala. Mbanguaji wa Vietnam ananunua za kwetu Novemba, na ikifika Machi ananunua za Afrika Magharibi, ambako mavuno huanza za kwetu zikiwa zimekwisha. Mashine zake hazilali. Niliwahi kuandika kwamba mwekezaji wa kwanza wa kumtafuta ni mwenye mtaji wa kuhifadhi mzigo, mwenye mashine aje baadaye. Kwenye kijarida cha fursa za uwekezaji ukurasa huo uliondolewa, picha ya bahari ikawekwa.

Aprili 2023 mikopo ya asilimia 10 ilisitishwa nchi nzima ili utaratibu wake upitiwe upya. Oktoba iliyofuata hatukuwa na cha kuwapa kina mama wale. Baadhi walirudi shambani, wachache waliendelea kubangua za kwao wenyewe kidogo kidogo. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya, na baadhi ya halmashauri zikaelekezwa kupitisha mikopo benki kwa majaribio. Tulianza tena kueleza habari ya Oktoba, kwa wajumbe wapya, tukiwa na nakala ya muhtasari wa zamani mkononi. Hiyo ilitupunguzia vikao.

Msimu huo huo minada ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Masanduku ya barua yakaisha, bei ikaonekana kwenye skrini, na kwenye minada ya kwanza ya 2024 ilivuka shilingi 4,000. Nilijua kitakachofuata. Madiwani waliingia kwenye kikao cha bajeti na bei hiyo midomoni, kama 2018 haikuwahi kuwepo. Nikagawa jedwali la bei tatu. Walibishana hadi saa ya chakula, wakachagua ya kati, wakaanza kupanga ni mradi gani utaachwa kwanza bei ikishuka. Diwani mmoja akapendekeza uwe ukarabati wa ukumbi ule ule tuliokuwa tumekaa, na Mkurugenzi, ambaye ndiye aliyeuombea fedha, akabaki peke yake upande wa pili wa hoja.